Safari ya Kwenda Kazini Nayo ni Kazi

Liko jambo ambalo wafanyakazi wa usafiri wa nchi hii hulinung'unikia barazani na katika vijiwe vya kahawa, lakini ni nadra kulisikia likisemwa kwa sauti kubwa katika mkutano wa chama chao. Jambo hilo ni safari ya kwenda kazini na kurudi nyumbani. Mishahara huzungumzwa, posho huzungumzwa, sare na viatu huzungumzwa. Lakini ile njia iliyopo kati ya mlango wa mfanyakazi na lango la mahali pa kazi huachwa kana kwamba ni shauri lake mwenyewe na Mungu wake. Leo tunataka kulitoa jambo hili nje, tulitazame kwa mwanga wa mchana.

Tumfikirie mfanyakazi mmoja akaaye Kawajense, katika Manispaa ya Mpanda. Huenda ni mhudumu wa treni, huenda ni kondakta wa basi, huenda ni mlinzi au mzima moto wa uwanja wa ndege. Ratiba inamtaka awe kazini saa kumi alfajiri. Basi huamka saa nane. Daladala bado hazijaanza, kwa hiyo hutafuta bodaboda, na akiikosa hutembea gizani. Akifika husaini kitabu, na hapo ndipo tajiri huanza kuhesabu kazi yake. Lakini mwili wake ulianza kuhesabu zamani. Jioni hurudi kwa njia ileile, na usiku unaofuata huanza upya. Je, mtu huyu amefanya kazi saa ngapi? Kitabu cha tajiri kinasema tisa. Mkewe na watoto wake wanajua zaidi.

Tumeanza na Mpanda kwa sababu Mpanda ni mji uliozaliwa na usafiri. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilometa 210, ilifunguliwa mwaka 1950 ili kuchukua madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira. Madini yale yaliisha faida, na mgodi ukafungwa, lakini reli ilibaki, na mji ukabaki pamoja nayo. Leo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, na una kata iitwayo Uwanja wa Ndege. Reli, barabara na njia ya anga zote zinakutana hapo. Na watu wanaoziendesha njia hizo ni majirani: hutumia kisima kimoja, watoto wao hukaa dawati moja, na usiku hupishana katika njia ileile, mmoja akienda kazini na mwenziwe akirudi.

Katika siku za zamani, shirika la reli lilipotaka watu wa kuhudumia treni, lilijenga kota kando ya reli. Hatusemi kwamba kota zile zilikuwa raha. Nyingi zilikuwa vyumba vidogo vya kubanana, na nia ya mkoloni haikuwa upendo. Alitaka mtu awe karibu ili amwite upesi. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: aliyehitaji mfanyakazi awe karibu na kazi, ndiye aliyegharimia ukaribu huo. Leo walio wengi wamepanga vyumba vya watu binafsi, na chumba cha bei nafuu ni kile kilicho mbali. Kwa hiyo gharama ya umbali imetoka katika daftari la tajiri, ikaingia mfukoni mwa mfanyakazi, wala hakuna mtu aliyeitisha mkutano kumwambia habari hiyo. Imehama kimyakimya.

Watasema wengine kwamba haya ni malalamiko madogo, kwamba mtu mzima aweza kujipeleka kazini. Tunawaomba wasikilize habari ya Marekani, nchi yenye ndege nyingi na fedha nyingi. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, katika Jimbo la New York. Watu wote 49 waliokuwamo walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani mwake mahali ilipoangukia. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa ni namna rubani alivyoitikia vibaya onyo la ndege kupoteza mwendo. Lakini walipopekua zaidi, walikuta mambo yaliyowashangaza raia wa kawaida. Kituo cha kazi cha marubani wale wawili kilikuwa Newark, ila hakuna hata mmoja aliyekaa huko. Nahodha alikaa Florida, na alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Msaidizi wake alikuwa ametoka karibu na Seattle, umbali wa zaidi ya kilometa 3,800, akasafiri usiku kucha kwa kudandia ndege za mizigo ili awahi zamu. Wachunguzi walisema yaelekea uchovu uliwapunguzia uwezo, ingawa hawakuweza kupima kwa kiasi gani.

Kwa nini mtu akae Seattle na kazi yake iko Newark? Bunge la nchi ile liliuliza swali hilo, na jibu likaonekana katika karatasi ya mshahara: mshahara wa rubani msaidizi wa kampuni ndogo ulikuwa duni mno kwa kodi za nyumba za kando ya New York. Basi tusidanganyane. Mtu hakai mbali na kazi kwa kupenda kupigwa na umande. Hukaa pale mshahara wake unapomruhusu kukaa, au pale mzazi wake alipo na chumba cha kumpa bure.

Msiba ule uliamsha watu. Ndugu wa marehemu walipiga kelele, vyama vya marubani vikasimama, na mwaka 2010 Bunge lao likapitisha sheria ya usalama wa ndege. Kuanzia Januari 2014 kanuni mpya ziliwataka marubani wa ndege za abiria wapewe mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake wapate nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Hilo lilikuwa tendo jema. Lakini tuangalie nani waliachwa nje. Marubani wa ndege za mizigo hawakuingizwa katika kanuni zile. Na wahudumu wa abiria, wanaopanda ndege ileile, wanaolala hoteli ileile na kuamshwa na saa ileile, walisubiri mpaka mwaka 2018 Bunge lilipoagiza nao wapewe saa 10, na kanuni yenyewe ikatoka mwaka 2022. Miaka minane ilipita kati ya rubani na mhudumu wa ndege moja. Waendao mlango wa tajiri kwa mafungu hupokewa kwa mafungu, na fungu la mwisho hukuta chakula kimepoa.

Yako pia mafanikio waliyoyapata pale walipokwenda pamoja. Ndani ya chumba cha marubani kuna kiti cha ziada, na kwa desturi ya miaka mingi rubani wa kampuni moja huweza kukaliwazwa katika kiti hicho na kampuni nyingine ili afike kituoni kwake. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, kiti kile kilifungwa kwa wageni kwa sababu ya usalama. Vyama vya marubani havikukaa kulia. Vilishirikiana na mashirika ya ndege na serikali mpaka ukapatikana mtambo wa kuthibitisha kwamba huyu aliyesimama mlangoni kweli ni rubani na kweli yu kazini. Kiti kikafunguliwa tena, kwa kampuni zote zilizoingia katika mpango huo. Tena vyama vingi vimeandikisha katika mikataba yao kifungu kinachosema kwamba mfanyakazi aliyejaribu kwa uaminifu kuwahi zamu, akakuta ndege zimejaa au zimefutwa, hataadhibiwa kama mtoro. Huko Ulaya nako, mwongozo wa usalama wa anga unamshauri mwana-ndege ambaye safari yake ya kawaida kutoka nyumbani hadi kituo cha kazi huzidi dakika 90, atafute mahali pa kulala karibu na kituo. Ushauri ni mwema. Linalobaki ni kujua nani atalipa kitanda.

Turudi nyumbani. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 si sheria mbaya. Imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, na saa 9 kwa siku. Imetaka mfanyakazi apate saa 12 za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 za mapumziko kila juma. Imetaka kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Haya yote ni mema, na wafanyakazi wengi hawayajui, jambo ambalo ni aibu ya viongozi wa matawi. Lakini sheria huhesabu tangu kazi inapokoma mpaka inapoanza. Barabara haimo katika hesabu hiyo.

Tufanye hesabu kwa mfano. Mfanyakazi anamaliza zamu saa nne usiku, na sheria inamruhusu kurudi saa nne asubuhi. Saa 12 zimetimia. Ikiwa kungoja usafiri na kusafiri kwake ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, zimebaki 9. Akioga, akala, akawaona watoto wake na kujitayarisha, saa mbili nyingine zimekwenda, naye amebakiwa na saba za kulala. Sasa mchukue mwenziwe wa Dar es Salaam, ambaye foleni humla saa mbili na nusu kila upande. Huyo hubaki na tano. Sheria ni moja, karatasi ni moja, lakini mmoja analala saba na mwingine tano. Tena sheria hiyo inaruhusu, kwa mapatano ya maandishi na kwa masharti maalum, mapumziko ya kila siku yapunguzwe hadi saa 8. Kiongozi wa tawi atakayeweka sahihi mapatano ya namna hiyo bila kuuliza watu wake wanakaa wapi, amewauza usingizi wao.

Na ile nyongeza ya usiku? Mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 300,000 kwa mwezi, kwa kazi ya saa 45 kwa juma, hupata kama shilingi 1,538 kwa saa. Asilimia 5 ya fedha hiyo ni shilingi 77. Akifanya kazi saa nane za usiku, nyongeza yake ni shilingi 615 hivi. Tunauliza kwa heshima: ni bodaboda gani usiku wa manane atakayemtoa mtu Kawajense, ampeleke stesheni na kumrudisha, kwa shilingi 615? Na akiwa mfanyakazi huyo ni mwanamke, shida si nauli tu, bali ni kufika salama. Mama anayetoka zamu saa saba ya usiku na kukabidhiwa giza, hakutendewa haki, hata kama mshahara wake umelipwa kwa tarehe.

Jambo hili limezidi uzito tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri usiku na mchana. Ruhusa ile imesaidia biashara na wasafiri, nasi tuliipokea kwa furaha. Lakini basi liendalo usiku lina dereva, kondakta na utingo, na hao hushuka stendi saa ambazo mji mzima umelala. Abiria hupokewa na ndugu zake. Dereva hupokewa na nani? Mara nyingi hulala juu ya viti vya basi lenyewe, na asubuhi hukabidhiwa roho za watu.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha maneno yetu. Mfanyakazi wa reli ana chama chake, TRAWU. Wa mawasiliano na uchukuzi ana COTWU(T). Madereva wa mabasi na malori wana vyama vyao. Kila kimoja huenda peke yake kuzungumza mkataba wa hali bora, na kila kimoja huliweka jambo hili mwisho wa orodha, kisha muda hwisha. Wakati mwingine vyama hivi hugombea wanachama kwa sababu ya ada, mmoja akimsema mwenziwe vibaya mbele ya tajiri, naye tajiri hukaa akichekea moyoni.

Wazee wetu hawakuenda hivyo. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana katika shirikisho, TFL, na Ndugu Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chini ya chama chao TRAU na katibu wao Kasanga Tumbo, waligoma kwa majuma mengi, na nchi nzima ikajua kwamba treni haiendeshwi na makaa tu. Baadaye historia ilipita njia nyingi: NUTA mwaka 1964, JUWATA mwaka 1978, OTTU mwaka 1991, mpaka sheria ya mwaka 1998 ilipofungua mlango wa vyama vingi vilivyo huru. Uhuru huo ni mali. Lakini uhuru wa kuwa na vyama vingi si amri ya kutengana. Vidole vitano ni vingi, na bado havivunji chawa kimoja kimoja.

Hata katika siku za karibuni tumeona. Mwezi Aprili na Mei 2015, madereva wa mabasi waliposimama pamoja nchini wakidai mikataba ya ajira na kupinga masharti mapya ya leseni, Serikali ilikaa nao na kuwasikiliza. Kwa jirani zetu wa Kenya, Novemba 2022, marubani wa shirika la ndege la taifa waligoma peke yao kwa siku chache. Maelfu ya abiria walikwama, na mahakama ikawaamuru warudi kazini. Hatumhukumu mtu. Tunasema tu kwamba fundi, mhudumu, mpakia mizigo na rubani wakiwa na dai moja lililokubaliwa tangu mwanzo, huenda mgomo wenyewe usihitajike. Tena tukumbushane kwamba kwa sheria yetu uongozaji wa ndege ni huduma muhimu, na si kila mtu wa uwanjani awezaye kuweka chini kazi. Ndiyo sababu zaidi ya kutafuta nguvu katika umoja na katika meza ya mazungumzo.

Matajiri watatujibu kwa maneno mawili. La kwanza, kwamba mtu huchagua mwenyewe pa kukaa. Tumelijibu: huchaguliwa na kodi na mshahara, na mara nyingi na barua ya uhamisho iliyotiwa sahihi na tajiri huyohuyo. La pili, kwamba gari la kuwachukua wafanyakazi ni ghali. Hilo lina ukweli, ikiwa kila tajiri atanunua gari lake. Lakini Mpanda stesheni, stendi na uwanja wa ndege havikutengwa na bahari. Gari moja dogo, lililokodiwa kwa mchango wa matajiri watatu, laweza kuzunguka Kawajense, Makanyagio na Kashaulili usiku, likawakusanya wa reli, wa mabasi na wa uwanjani. Matajiri hawatakutana kulipanga jambo hilo wenyewe. Watakutana vyama vitakapokwenda kwao kwa barua moja.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Kwanza, katika kila mji wa usafiri, tukianza na Mpanda, matawi ya vyama vyote vya uchukuzi yaunde kamati moja ya safari ya kazini. Pili, kwa muda wa miezi mitatu kila mwanachama aandike katika daftari: ametoka nyumbani saa ngapi, amefika saa ngapi, ametumia nauli kiasi gani, amelala saa ngapi. Tajiri aweza kubisha manung'uniko, lakini ni vigumu kubisha daftari la watu mia. Tatu, mkataba wa kila chama uwe na vifungu vya namna moja: usafiri kwa zamu zinazoanza au kwisha usiku; kitanda safi kwa anayelala nje ya kituo chake; mapumziko yanayohesabu umbali; na kinga kwa mfanyakazi anayesema kwa uaminifu kwamba amechoka mno kuendesha. Nne, TUCTA iyakusanye madaftari hayo na kuyafikisha mezani pa Serikali na waajiri.

Nanyi ndugu wafanyakazi, tusiwasifu kupita kiasi. Wako kati yetu wanaopewa saa za kupumzika wakazimalizia kilabuni, au katika kibarua cha pili, kisha wakaja zamu macho mekundu. Mtu wa namna hiyo hudhoofisha dai la wenzake wote. Anayedai usingizi lazima autumie kulala. Na wako wanachama wasiohudhuria mkutano wa tawi mwaka mzima, kisha hulaumu kwamba chama hakifanyi kitu. Chama ni nyinyi. Katibu hawezi kudai jambo ambalo hakuna aliyelisimamia.

Wanachama wa Chama katika mashina na matawi nao wana wajibu. Si kazi yao kuviamuru vyama vya wafanyakazi, lakini ni kazi yao kuuliza, katika vikao halali, kwa nini barabara ya Kawajense haina taa penye njia ya watu wa zamu, na kwa nini daladala hazina ruhusa au faida ya kuanza mapema. Hayo ni mambo ya halmashauri, na diwani ana masikio.

Usiku wa leo, wakati gazeti hili linapigwa chapa, mtu fulani wa Kawajense anafunga kamba za viatu gizani asiwaamshe wanawe. Kesho abiria mamia wataweka maisha yao mikononi mwake bila kumjua jina. Anastahili kufika kazini salama, akiwa amelala, na kurudi salama. Vyama vyake vikienda pamoja, atapata. Vikienda mbalimbali, ataendelea kutembea peke yake.